Kabla ya kuwafungulia vijana geti la kituo cha wanyama

Likizo ya Juni au Desemba ikikaribia, wanafunzi huuliza kama wanaweza kujitolea kwenye vituo vinavyotunza mbwa, paka na punda waliotupwa. Wengi wetu hujibu "karibuni" papo hapo. Ningeshauri kituo kisubiri mpaka kijue nani ataruhusiwa kumgusa mnyama gani.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 40 hivi ya waathirika ni watoto wasiofika miaka 15. Chanjo ya kinga kabla ya kung'atwa ipo: dozi mbili, ya pili siku 7 baada ya ya kwanza. Haipatikani kila hospitali, na si kila mzazi ataimudu. Kijana ambaye hajachanjwa asikaribie banda la mbwa wageni, hata kama mbwa mwenyewe anatingisha mkia.

Pigeni simu hospitali ya karibu kabla ya siku yenyewe, mwulize kama chanjo ya aliyeng'atwa ipo leo, maana kuwa nayo mwezi uliopita si hoja. Jeraha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu safari ya hospitali bila kungoja jioni. Dakika 15 ni maji mengi. Bomba likiwa la mgao, jazeni tangi na muwe na ndoo yenye koki.

Na watoto huficha. Akikwaruzwa kidogo hunyamaza, akihofia kurudishwa nyumbani na mama kugomba. Waambieni mapema kabisa, wazazi wakisikia, kwamba anayesema hafukuzwi.

Wazazi wasaini fomu ya ridhaa yenye mzio, pumu, chanjo ya pepopunda na namba mbili za simu. Kisheria, Tanzania na Kenya, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo ulinzi wake unahusu na watu wazima: asiachwe peke yake stoo na mfanyakazi mmoja, wala picha yake isirushwe mtandaoni bila ruhusa.

Kazi zigawanywe kwa umri na utulivu wa mtu. Wadogo waoshe vyombo, wakunje mablanketi, waandike kadi. Wakubwa watembeze mbwa ambao kituo kinawafahamu, kila mbwa na kamba yake, msimamizi akiwa karibu. Wafundishwe kumsoma mnyama: mbwa aliyeganda ghafla, mdomo umefungwa, weupe wa jicho ukionekana pembeni, ni wa kuachwa. Aliye kwenye chakula au mwenye watoto haguswi. Nyuma ya punda hapasimamwi. Wakipigana mbwa wawili, mkono usiingie katikati. Mwagieni maji, gongeni sufuria, mwiteni mtu mzima.

Kwa vituo vya pwani, jambo moja husahaulika: kijana Mwislamu anaweza kupenda wanyama sana na bado asitake mate ya mbwa yamguse. Mpeni paka au punda, bila kumhoji.

Gambuti na nguo za kazi zibaki kituoni, mikono ioshwe kabla ya kula. Choa, viroboto na minyoo havihitaji maelezo marefu. Kuchanganya dawa za kuulia viini waachiwe watu wazima.

Lililobaki ni zito kuliko yote. Kuna mnyama atakayekufa, au daktari wa mifugo ataamua kumlaza kwa sindano asiamke tena. Amueni mapema nani atawaambia vijana, na mzazi ajulishwe siku hiyohiyo. Msimwambie mtoto kwamba mbwa wake "amepata mwenyeji", akaja kuusikia ukweli kwa mlinzi wa getini.