Wikendi ya Lisbon na rafiki: mambo ya kuzingatia kabla

Ukitua Lisbon Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili jioni, una siku moja nzima na vipande viwili vya siku. Mji mkuu wa Ureno haumalizwi kwa muda huo, na anayejaribu kuumaliza hurudi kazini Jumatatu akichechemea. Kwa hiyo kazi kubwa ya safari hii hufanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla: hati, pesa, na kukubaliana na mwenzako mtaacha nini.

Tuanze na hati, maana hazina mjadala. Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen, lile eneo la Ulaya lenye viza ya pamoja, na ana kibali cha ukaazi ambacho hakijaisha haombi viza. Kibali na pasipoti vinamruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba vyenyewe, si picha zake kwenye simu. Mashirika kadhaa ya ndege ya bei nafuu humtaka mwenye pasipoti isiyo ya Ulaya akaguliwe hati dawatini kabla ya kwenda langoni, hata kama pasi ya kupandia anayo tayari. Kama mwenzako ana uraia wa Ulaya, yeye atapita moja kwa moja na wewe utabaki kwenye foleni. Lijueni hilo mapema, mfike pamoja na msije mkanuniana.

Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda habari yake ni nyingine: lazima aombe viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usiiamini sana hiyo ya siku 15, kwani nafasi za miadi hujaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibaki na miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Pia, kwa kuwa ukaazi wa Uingereza sasa huthibitishwa kwa mtandao, hakikisha pasipoti unayosafiria ndiyo iliyounganishwa na akaunti yako, la sivyo shida itakupata wakati wa kurudi.

Sasa rafiki. Kuna mtu mnacheka naye kwenye simu mpaka usiku wa manane, lakini hujawahi kulala naye chumba kimoja wala kugawana naye bili. Kaeni mzungumze: nani anaamka alfajiri na nani hawezi, nani anaswali na atahitaji nusu saa ya utulivu, nani anataka kupiga picha kila kona. Na pesa iwe wazi kabisa. Mimi napendelea mfuko wa pamoja: kila mmoja anaweka kiasi sawa, mmoja anakuwa mtunza hazina, na chakula, nauli na viingilio vyote vinatoka humo. Ule mtindo wa "lipa wewe, nitalipa baadaye" umeua urafiki mwingi. Mkumbuke pia kodi ya utalii ya jiji, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku. Aghalabu hailipwi mnapoagiza chumba bali mnapofika mapokezi, kwa hiyo wawili kwa usiku mbili wekeni euro 16 kando.

Pa kulala pachagueni mkiwa na ramani ya vilima mkononi. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa la ardhi, mawimbi ya tsunami na moto viliuangamiza mji. Waziri wa mfalme, aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal, akasimamia ujenzi mpya wa eneo la bondeni, Baixa. Ndiyo maana mitaa ya Baixa imenyooka na ni tambarare, ilhali Alfama, mtaa mkongwe chini ya ngome ya São Jorge, umebaki na vichochoro na ngazi zake. Alfama unavutia kuliko Baixa, sibishi. Lakini kukokota begi la magurudumu ngazini usiku, huku mnatafuta namba ya mlango, hakuvutii hata kidogo. Laleni Baixa au karibu na kituo cha metro, Alfama mwende kwa miguu mchana.

Kuhusu miguu yenyewe: barabara za waendao kwa miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa ambavyo nyayo za watu zimevilainisha. Mvua ikinyesha, na kati ya Novemba na Februari hunyesha sana, huwa kama vimepakwa sabuni. Raba zenye soli ya kushika, basi. Kiatu kipya cha kupigia picha kibaki nyumbani. Hata Julai beba koti jepesi, kwa sababu upepo wa Atlantiki huingia jioni. Kanuni yangu ya vilima ni kupanda kwa chombo na kushuka kwa miguu. Tramu namba 28 ndiyo maarufu, na kwa sababu hiyo hujaa watalii na vibaka wanaowafuata. Panda mapema asubuhi, begi likiwa kifuani, simu isiwe mfuko wa nyuma. Vile vigari vya kupanda mlimani kwa kamba, msivipangie kabla ya kuulizia: kile cha Glória kilipata ajali tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakafa. Kwa metro, basi na tramu kila mmoja awe na kadi yake ya nauli, Navegante. Kadi moja haitumiki na watu wawili.

Jumatatu nyumba nyingi za makumbusho na majengo ya kale hufungwa, kwa hiyo anayeongeza siku asiiweke hapo. Angalieni pia tovuti ya kila mahali kabla ya kulipa, maana ukarabati umekuwa ukiyafunga baadhi ya majengo. Sintra, mji wa makasri ulio kama dakika 40 kwa treni, uacheni. Utawamalizia siku nzima, na siku nzima mnayo moja tu.

Siku hiyo mimi ningeitumia Belém, mtaa wa magharibi mwa jiji, na kwa msomaji wa Kiswahili nina sababu. Katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa fedha zilizotokana na biashara ya viungo, ndipo lilipo kaburi la Vasco da Gama, huyu huyu aliyefika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Kuingia kanisani ni bure. Tiketi ni ya ua wa ndani, na inafaa kununuliwa mtandaoni siku kadhaa kabla, kwani foleni ya pale juani haina huruma.

Lakini kitu cha kutafutwa hasa hakiko Belém tena. Kiko kwenye Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, njiani mkirudi katikati ya jiji. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Gama alitia nanga Kilwa na kutishia kuuteketeza mji. Mtawala wake, Ibrahim, akalazimika kutoa kodi ya dhahabu, dhahabu iliyokuwa ikifika Kilwa kupitia bandari ya Sofala kutoka bara, upande wa Zimbabwe. Mfalme Manuel I aliamuru dhahabu hiyo ifanywe chombo cha ibada kwa ajili ya Jerónimos. Fundi Gil Vicente akakikamilisha mwaka 1506: mnara mdogo wa dhahabu na rangi za enameli, mitume 12 wamepiga magoti kuuzunguka. Wareno wanakiita Custódia de Belém. Kilwa ilikuwa imelipa, na bado mwaka 1505 jeshi la Wareno chini ya Francisco de Almeida liliivamia na kuipora, kisha likaenda kuichoma Mombasa.

Mwenzako kama hajui kisa hiki, msimulie kwenye ndege. Asiyejua ataona kazi nzuri ya sonara na kupita, na hakuna mwongoza watalii atakayemsimamisha kwa ajili ya Kilwa. Hakikisheni tu kwenye tovuti ya makumbusho kwamba chumba chenye Custódia kiko wazi wikendi hiyo.

Chakula hakihitaji maandalizi mengi ila mambo mawili. Mkishaketi mgahawani, mhudumu huleta mkate, zeituni na jibini kabla hamjaagiza. Mkila, vinaingia kwenye bili. Mkisema hapana asante, ataviondoa bila kinyongo. La pili ni nguruwe: hata supu ya sukuma yao, caldo verde, huwekewa vipande vya soseji ya nguruwe. Anayetaka halali aelekee Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, kwenye migahawa ya Wabangladeshi. Samaki wapo kila mahali. Jifunzeni "bom dia" na "obrigado", au "obrigada" kwa mwanamke, na msiwasalimu kwa Kihispania mkidhani ni yale yale.

Kwenye mashine za kutolea pesa, ikiulizwa kama wataka kukatwa kwa paundi au fedha ya kwenu, chagua euro. Laini za simu za nchi za Umoja wa Ulaya hufanya kazi bila gharama ya ziada. Za Uingereza, uliza kampuni yako kwanza. Anayetoka Berlin au Amsterdam arudishe saa nyuma kwa saa moja.

Jumapili vyumba hukabidhiwa kabla ya mchana, kwa hiyo ulizeni mapema kama mapokezi watawatunzia mabegi. Uwanja wa ndege uko ndani ya jiji na metro ya mstari mwekundu inafika hapo hapo, jambo linalowafanya watu wachelewe kuondoka. Anayerudi Berlin saa mbili kabla zinamtosha. Anayerudi London aondoke mjini saa tatu na zaidi kabla ya ndege, kwa sababu anayetoka nje ya Schengen hupita ukaguzi wa pasipoti baada ya ule wa mabegi, na foleni hiyo hukutana na kila mtalii mwenye mpango wa Jumapili kama wake.