Kusafishwa fizi kwa kina: daktari anafanya nini kule chini, na we unajiandaaje

Wakuu, hii huduma ya kusafishwa fizi kwa kina, wengine wanaiita skelingi ya chini, nimeipitia hapa Mwanza na kila nikimtajia mtu swali ni lile lile, si ndo inalegeza meno hiyo? Nimeona niandike yote kwa mpigo, maana ningeyajua mapema nisingechelewa vile nilivochelewa.

Mi ilianza na damu. Maumivu hamna kabisa na hapo ndo mtego ulipo, ugonjwa wa fizi unaweza kukaa miaka unakula taratibu na huumwi kitu. Nikipiga mswaki povu linatoka la pinki, nikitafuna muwa naacha wekundu kwenye kipande, nikasema ni mswaki mgumu huu, nikabadili, wapi. Hadi asubuhi moja mke wangu kageuza mto akanambia, "Baba Kulwa, hebu ona." Doa la damu, na harufu yake sitaki hata kuielezea. Nikaenda duka la dawa nikapewa amoksilini na Flagyl, siku tano damu ikakata nikafurahi, mwezi haujaisha ikarudi. Nimerudia hivyo mara tatu bila aibu.

Sa kwa nini dawa ilikuwa hainisaidii? Kwenye jino kila siku kunajijenga utando laini wa bakteria, ule unaousikia kwa ulimi asubuhi, unateleza. Usipoutoa, madini ya kwenye mate yanaugandisha ndani ya siku chache unakuwa ugaga, mgumu kama lile gamba la ndani ya birika la chai. Ugaga ukishaganda mswaki hauutoi, hata ukisugua na mkaa na chumvi mpaka ulie, unajichubua fizi tu. Ukiwa juu unaonekana, unausafisha kwa skelingi ya kawaida yamekwisha. Shida ukishuka chini ya fizi ukang'ang'ania kwenye mzizi, fizi inavimba, inaachana na jino, inabaki kama kifuko, na ndani ya kifuko bakteria wanajenga mji wao. Vidonge vinawapunguza ila nyumba yao, yaani ule ugaga, umeiacha pale pale, sa si wanarudi?

Mtu aliyekulia pembeni ya ziwa atanielewa kwa mtumbwi. Unaweza kuosha pande za juu kila siku zikang'aa, lakini tumbo la mtumbwi lile linalokaa ndani ya maji limeota ukoko, na ule hutoi kwa ndoo ya maji na tambara, mpaka muupandishe mchangani muulaze upande mkwangue. Kusafisha kwa kina ndo huko kukwangua tumbo. Anayesafisha meno ya mbele yakang'aa akakuambia tayari, huyo kaosha pande tu.

Na usiende ukidhani inarudisha kila kitu. Mfupa ulioshikilia jino ukishaliwa ni kama udongo wa mlimani Mabatini, mvua ikishauchukua chini ya nyumba haupandi tena wenyewe, unachoweza ni kuzuia usiendelee kuondoka. Hata hili swali la kulegeza meno jibu lake liko humo humo. Mtu ambaye mfupa umeshaliwa sana, ugaga ulikuwa umeyabana meno pamoja kama saruji, ukiutoa anayasikia yanacheza anasema daktari kayalegeza. Yalishalegea zamani.

Sasa kipimo, na hapa nataka tukae kidogo maana ndo sehemu ambayo watu hawaelezwi. Nimelala kwenye kiti, daktari, binti mdogo tu, kachukua kichuma chembamba chenye mistari mistari kama rula, anakichomeka taratibu kati ya fizi na jino anataja namba, nesi anaandika. "Tatu, mbili, tatu. Tatu, tatu, nne. Tano, nne, sita." Mi nikajua anahesabu meno! Nikawa nashangaa mbona hesabu yenyewe haifuatani. Kumbe ni milimita, kina cha kifuko, na kila jino linapimwa sehemu sita, tatu upande wa shavu tatu upande wa ulimi, kwa hiyo mwenye meno 28 anatajiwa namba 168. Moja mpaka tatu ni fizi nzuri. Nne ni onyo. Tano kwenda juu pamoja na damu, hapo mswaki wako haufiki tena na ndo mnaanza kuongelea kusafisha kwa kina. Anaweza kukupiga na picha ya eksirei aone mfupa umeshuka kiasi gani. Kwa hiyo ukienda popote, iwe Bugando, Sekou Toure au kliniki ya mtaani kwenu, ukiambiwa unahitaji kusafishwa kwa kina uliza: daktari, namba zangu ngapi, na wapi ni mbaya zaidi? Kama hakupima, anajuaje?

Kabla ya siku yenyewe, sema kila kitu. Una kisukari, sema, maana sukari iliyopanda inaharibu fizi na fizi mbovu nazo zinafanya sukari isumbue kushuka, vinaburuzana hivyo hivyo. Unameza dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, sema, ila usiache kuimeza kwa uamuzi wako. Una valvu ya moyo ya bandia au uliwahi kupata maambukizi ndani ya moyo, sema, huenda ukahitaji antibayotiki kabla ya kuguswa. Mjamzito aseme, fizi kuvimba ni kawaida yao na matibabu yapo ila wanapanga muda, mara nyingi miezi ya katikati. Na nyie wa sigara na ugoro semeni tu ukweli. Mvutaji anaweza asitoke damu kabisa akajiona mzima kumbe moshi umebana mishipa, ugonjwa umejificha, na hata kupona kwake kunakuwa kwa kusuasua.

Ulizia bei pia kabla hujafungua mdomo, na uulize ni ya mdomo mzima au ya robo, maana wengi wanagawanya mdomo vipande vinne au nusu nusu, unaenda safari mbili mpaka nne. Kama una bima muulize na hilo, usije ukajikuta unapigia simu ndugu ukiwa na ganzi mdomoni, hawatakuelewa.

Siku ya kwenda kula ushibe. Vaa shati usilolionea huruma, maji yanaruka.

Wanaanza na sindano ya ganzi na kusema kweli ndo kitu pekee kilichoniuma siku nzima, ya juu kidogo, ya chini nyuma ndo ile unashika mkono wa kiti. Dakika chache mdomo upande mmoja unakuwa kama si wa kwako. Halafu kinakuja kile kimashine kinacholia kama mbu mkubwa, ncha yake inatetemeka kwa kasi sana na kurusha maji, inapasua ugaga vipande vipande, na kuna bomba pembeni linanyonya maji na damu. Ladha ya chuma na chumvi. Huumwi ila unasikia mtetemo hadi kwenye fuvu. Kikinyamaza usishangilie, anachukua vyuma vya mkono vyenye ncha iliyopinda, anaviingiza chini ya fizi na kuvuta kuja juu, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka mzizi uwe laini maana penye mikwaruzo ndo utando unashika tena haraka. Aliniwekea kipande kimoja kwenye pamba nikione. Cheusi, kigumu, kama punje ya mchele iliyoungua. Weusi ule unatokana na damu ya kwenye kifuko, ugaga wa juu huwa wa njano njano. Nimetembea na kile kitu mdomoni sijui miaka mingapi, nikiongea na watu karibu karibu dukani!

Kwangu robo moja ilichukua kama saa nzima hivi. Ukiwa na maumivu katikati inua mkono, atakuongezea ganzi, usijikaze kiume hakuna zawadi.

Ganzi inakaa masaa mawili mpaka manne, na katika muda huo usile, wala chai ya moto usinywe, utajing'ata shavu au kujiunguza usijue. Mi nilipanda daladala ya Igoma nikasahau nikanunua karanga dirishani Buzuruga, nilivoshuka shavu la ndani limechanika. Siku hiyo na ya kesho mate yenye rangi ya damu ni kawaida, paracetamol inatosha kwa wengi. Tengeneza maji ya uvuguvugu glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, sukutua taratibu mara tatu nne kwa siku. Ukipewa dawa ya kusukutulia ya klorheksidini fuata siku ulizoambiwa, kawaida haizidi wiki mbili, ukiendeleza unapata madoa ya kahawia kwenye meno na chakula kinapoteza ladha. Chakula laini: uji, ndizi, ugali na sato wa mchuzi. Dagaa wa kukaanga waache kwanza, vile vichwa vinachoma kama sindano, na pilipili ndo usiguse. Sigara usivute, hata kama uliahidi kuacha mwakani.

Meno yatakuwa na ganzi ya baridi, ile unakunywa maji ya friji unaruka. Siku kadhaa, wengine wiki kadhaa. Kuna dawa ya meno ya wenye meno yanayoshtuka, paka na usiisuuze sana. Kitu kitakachokushtua zaidi ni kioo. Baada ya wiki fizi zinanywea kwa sababu uvimbe umeisha, meno yanaonekana marefu na katikati kunatokea mianya ambayo hukuwa nayo. Nilimrudia daktari nimekasirika. Akacheka akasema, "Baba, ulikuwa umezoea uvimbe." Sikupenda jibu ila ni kweli. Ila ukiona damu inatiririka haikomi hata ukibana na pamba safi, au uvimbe unaongezeka badala ya kupungua, homa, usaha, hapo rudi siku hiyo hiyo, hayo siyo ya kuvumilia.

Nyumbani mswaki laini, mara mbili kwa siku dakika mbili, uulaze kidogo nyuzi zielekee kwenye mpaka wa fizi na jino na siyo kusugua katikati ya jino tu. Kwenye ile mianya mipya tumia uzi wa meno au vile vibrashi vidogo vya kupitisha katikati, vibrashi mimi ndo vimenisaidia kuliko uzi. Siku za kwanza damu itatoka, usiache kwa sababu hiyo, inapungua. Wenye meno ya kahawia ya maji ya floraidi, kama wengi waliokulia Arusha, msitegemee yatakuwa meupe, ile rangi iko ndani ya jino na siyo ugaga.

Halafu usipotee. Wiki nne mpaka sita, wengine miezi mitatu, unarudi kupimwa upya zile namba. Hapo ndo inajulikana kama kazi ilishika, vifuko vinavyogoma kushuka vikabaki sita na kuendelea vinaweza kuhitaji upasuaji mdogo wa kufungua fizi wafike wanapopaona kwa macho. Baada ya hapo ni kusafishwa kila miezi mitatu minne, siyo mara moja kwa mwaka kama wengine, mtu aliyewahi kuugua fizi anafuatiliwa kama mgonjwa wa presha.

Mi nilirudi wiki ya sita, safari hii najua kinachohesabiwa, nimekodoa macho kwenye dari nasikiliza kama mtu anasubiri matokeo ya mtihani. "Tatu, mbili, tatu. Mbili, mbili, tatu." Nesi anaandika. Tulivofika nyuma kabisa juu kulia akanyamaza kidogo, akachomeka tena kuhakikisha. "Tano," akasema. "Hii ilikuwa saba."