Kabla hujaingia porini na magnetomita

Magnetomita ni mashine ya kupima uga wa sumaku, nayo husaidia kutafuta miamba yenye chuma. Chaji betri zote usiku, pamoja na za akiba. Asubuhi oanisha kwa GPS saa za mashine zote mbili: ile utakayotembea nayo na ile ya kituo cha msingi, itakayokaa mahali pamoja. Barua ya serikali ya kijiji uwe nayo mkononi. Maeneo ya dhahabu kama Geita, mtu anayepita mashambani na mlingoti wa kubebea kihisi, yaani sehemu ya mashine inayopima, akiandika namba lazima ataulizwa, na wenyeji wana haki ya kuuliza.

Vua chuma chote: simu, funguo, mkanda, viatu vya usalama vyenye chuma kidoleni. Vijana wanaofyeka mistari utakayotembea ukipima wana mapanga, kwa hiyo watangulie mbali, wasikuongoze bega kwa bega. Gari la tani moja likiwa mita 9 kutoka kwenye kihisi huweza kusogeza kipimo kwa nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku) 40 hivi. Likiwa mita 30 hubaki kama 1. Liache barabarani.

Sasa kituo cha msingi, na hapa nisikilize vizuri. Uga wa sumaku wa dunia upande wetu wa Ziwa Victoria ni kama nanotesla 33,000 na ushei, lakini hautulii. Hata siku shwari hubadilika kwa makumi ya nanotesla, zaidi karibu na adhuhuri. Mashine ya kituo hukaa palepale ikirekodi mabadiliko hayo ili jioni uyaondoe kwenye vipimo vya mistari. Yenyewe ikiharibika, kila ulichopima kimeharibika.

Kuna timu niliyoiona ikiweka kituo chini ya mwembe kando ya kijiji, kwa sababu ya kivuli, halafu wote wakaingia porini. Jua lilipokuwa kali, waendesha bodaboda nao wakakifuata kivuli kilekile. Pikipiki zikaja, zikaondoka, zikaja tena, hatua chache tu kutoka kwenye kihisi. Jioni ramani ikatoka na michirizi iliyonyooka sawasawa na mistari waliyotembea. Mmoja wao alishangilia akidhani ni mwamba wenye chuma, ule ambao dhahabu ya Geita hukaa ndani yake. Walipofungua rekodi ya kituo wakakuta mbonyeo na miruko mchana kutwa. Kazi ikarudiwa yote, na vibarua wakalipwa mara mbili.

Basi weka kituo mbali na mwembe, njia, mabati, seng'enge na nguzo za umeme. Acha mtu pale, alipwe kama wengine, aandike saa na dakika ya kila chombo kinachopita. Kabla ya kumwacha, rekodi kwa nusu saa uone kama mstari umetulia.

Angalia pia taarifa za dhoruba za sumaku, yaani misukosuko ya uga inayoletwa na jua; siku kama za Mei 2024, dhoruba ilipokuwa kali, usipime kabisa. Wingu la radi likitanda, laza mlingoti chini uondoke uwandani. Maji ya kunywa yawe ya kutosha, na mtu aliyebaki kambini ajue mmeelekea wapi na mnarudi saa ngapi.