Namna ya Kutazama Televisheni ya Nyumbani kwa Intaneti Ukiwa Nje ya Nchi

Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda London, Muscat au Toronto hudhani kwamba, maadamu programu ya televisheni imo ndani ya simu yake na kifurushi kimelipiwa, ataendelea kutazama kama alivyozoea. Mara nyingi haiwi hivyo. Haki za matangazo, ziwe za ligi ya soka au za filamu, huuzwa nchi kwa nchi, na kituo kilichonunua haki ya kuonyesha mchezo Tanzania pekee hakina ruhusa ya kuuonyesha Uingereza. Programu hutambua ulipo hasa kwa anwani ya IP, yaani namba unayopewa na mtandao uliojiunga nao, haijali uraia wako wala namba ya simu uliyojisajilia. Ndiyo sababu BBC iPlayer haionyeshi vipindi nje ya Uingereza, na orodha ya filamu za Netflix hubadilika ukivuka mpaka. Wanaoishi Umoja wa Ulaya wana nafuu: tangu tarehe 1 Aprili 2018, huduma ya kulipia uliyojiunga nayo katika nchi yako lazima ikufuate unapotembelea kwa muda nchi nyingine mwanachama.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla ya kufunga begi. Lipia kifurushi kitakachofika hadi siku ya kurudi, kwa sababu malipo ya pesa za simu huleta shida ukiwa mbali, na ingia kwenye akaunti yako ukiwa bado nyumbani. Huduma nyingi hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi zinapoona mtu anaingia kutoka nchi ngeni. Laini yako isipokuwa na romingi, yaani huduma ya kuitumia nje ya nchi, ujumbe huo hautafika na utabaki nje ya akaunti uliyoilipia. Omba romingi iwashwe, kisha zima data ya romingi kwenye mipangilio ya simu ili laini ipokee ujumbe bila kula salio.

Filamu na tamthilia ni vyema uzipakue mapema, na mimi naona hii ndiyo njia bora kuliko zote. Hata hivyo, soma masharti: baadhi ya vipindi vya Netflix huisha muda saa 48 baada ya kuanza kuvitazama, na kilichopakuliwa kinaweza kukataa kufunguka katika nchi ambayo hakiruhusiwi.

Habari ni rahisi zaidi, kwani vituo kadhaa vya Afrika Mashariki, Citizen TV ya Kenya kikiwa kimojawapo, hurusha matangazo mubashara kwenye YouTube. Angalia saa tu: taarifa ya saa 2 usiku ya Tanzania huangukia saa 3 usiku Muscat, na London huwa saa 11 jioni majira ya baridi lakini saa 12 jioni majira ya joto, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Ukiwa Toronto wakati wa baridi, utaitazama saa 6 mchana.

Data nayo ihesabiwe. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, ubora wa chini hutumia takriban GB 0.3 kwa saa, ilhali ubora wa juu wa HD unaweza kufika GB 3. Mechi moja pamoja na mapumziko inakaribia saa mbili, hivyo mtu aliyenunua laini ya wageni yenye GB 5 anaweza kuimaliza kabla ya mechi yake ya pili. Kwenye YouTube gusa alama ya gurudumu, chagua ubora, kisha weka 480. Kwenye kioo cha simu mpira utauona vizuri.

Waifai ya hoteli ina tabia yake. Simu huonyesha kwamba imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka, kwa sababu hoteli inasubiri ujaze namba ya chumba na jina la ukoo kwenye ukurasa wake. Fungua kivinjari ili ukurasa huo utokee, na kama umewasha VPN, yaani programu inayoficha anwani yako ya IP na kukuonyesha uko mahali pengine, izime kwanza. Ukitaka kioo kikubwa, beba kompyuta mpakato na kebo ya HDMI ya kuiunganisha na televisheni, maana si kila simu yenye tundu la USB-C hutoa picha.

Kuhusu VPN, wengi huikimbilia ili waonekane wako nyumbani. Siishauri kwa kazi hii. Huduma nyingi huikataza katika masharti yake na huigundua, na sheria hutofautiana: Falme za Kiarabu, kwa sheria ya mwaka 2021, hutoza faini ya dirhamu 500,000 hadi 2,000,000 kwa anayeficha anwani ya IP ili kutenda kosa, na Tanzania ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili mwaka 2023. Ni bora umuulize mtoa huduma kabla ya safari kama anaruhusiwa kuonyesha katika nchi uendayo.

Ikiwa uliingiza akaunti yako kwenye televisheni ya hoteli, ondoka kwenye akaunti kabla ya kurudisha ufunguo. Ukisahau, fungua mipangilio ya akaunti kwenye simu na uchague kuondoka kwenye vifaa vyote, kisha ubadilishe nenosiri.