Jinsi ya Kuandika Tafakuri ya Mazoezi ya Kufundisha katika Darasa la Awali

Mwalimu tarajali, yaani mwanachuo anayesomea ualimu, anayepelekwa kwenye darasa la awali hutakiwa, pamoja na kuandaa azimio la kazi na maandalio ya somo, kuandika tafakuri, yaani maelezo ya alichokiona na alichojifunza akifundisha, na wengi huijaza kwa sentensi za aina ya "somo lilieleweka vizuri", ambazo hazimsaidii mkufunzi wala mtoto. Tafakuri yenye manufaa huanzia kwenye jambo ambalo mtoto fulani alilifanya au kulisema mbele yako.

Kwa hiyo chagua watoto wawili au watatu wa kuwafuatilia kipindi chote cha mazoezi, kwani kudai kwamba unawafuatilia wote katika darasa la watoto 80 ni kujidanganya. Watambulishe kwa herufi, si kwa majina. Wanapokuwa kwenye kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunzia, andika kwa ufupi ulichokiona. Maana yake iandike jioni, mahali pake. "B alihesabu vizibo vya soda akafika kumi, ilhali mbele yake vilikuwa saba, kwa kuwa ulimi ulikitangulia kidole" ni ushahidi. "B ni mzito wa hisabati" ni hukumu, tena isiyo ya haki, maana mtoto huyo anayajua majina ya namba kwa mpangilio wake, na anachokosa bado ni kulinganisha kila jina na kitu kimoja. Ukishaliona hilo, utajua la kufanya kesho yake: mpe trei tupu ya mayai, atie kizibo kimoja katika kila tundu huku akitaja namba, kisha umwulize viko vingapi. Akianza kuhesabu upya badala ya kujibu, huenda bado hajatambua kwamba namba ya mwisho ndiyo inayotaja idadi ya vyote, na hilo nalo liandikwe.

Katika lugha, uangalifu uwe mkubwa zaidi. Mahali kama mkoa wa Simiyu, Tanzania, ambako watoto wengi huzungumza Kisukuma nyumbani, mtoto anaweza kukaa kimya darasani kwa siku nyingi, nawe usiandike kwamba hawezi kuwasiliana kabla hujamtazama uwanjani akigombea zamu ya kuruka kamba. Ikiwa huielewi lugha yake, mwombe mwalimu mlezi, yaani mwalimu wa darasa hilo anayekusimamia, akufafanulie anachosema. Kunawa mikono, kushika kalamu ya rangi na kuvumilia zamu ya mwenzake pia ni ukuaji, na vina haki ya kuandikwa sawa na kusoma na kuhesabu.

Kuhusu hisia zako, sentensi mbili zatosha. Habari za uchovu wakufunzi wamezisoma miaka yote.

Ijumaa, msomee mwalimu mlezi ulichoandika, na pale mnapotofautiana, andika maoni ya nyote wawili. Kisha onyesha katika andalio la Jumatatu ni kipi kimebadilika kutokana na kumbukumbu hizo. Kama hakuna, rudi kwenye kutazama, kwa sababu ulichoandika bado ni cha jumla mno.