Kupokea Ndege ya Kivita Iliyostaafu kwa Ajili ya Makumbusho: Mwongozo kwa Walio Tabora

Mwongozo huu unahusu kipindi cha mwanzo cha ukarabati, yaani tangu ndege ya kivita inapokabidhiwa na jeshi hadi inapotulia juu ya stendi, kabla mtu yeyote hajashika bunduki ya kupulizia rangi. Ninauandika nikiwa fundi wa ndege, na mfano wangu ni MiG-21 pamoja na J-7, ambayo ni MiG-21 iliyoundwa China, kwa sababu Jeshi la Wananchi wa Tanzania limewahi kuzitumia zote mbili na wamo nchini mafundi wastaafu waliozihudumia. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ndege haimdhuru mtu na haiendelei kuoza. Urembo unaweza kusubiri hata miaka.

Hatua ya kwanza: maandishi. Pateni hati inayoeleza kama ndege imetolewa moja kwa moja au imeazimwa, nani atagharimia matunzo yake, na vifaa gani vimeondolewa. Ombeni pia daftari za matengenezo za ndege hiyo hiyo, kwa kuwa zikishatenganishwa nayo ni vigumu kuzikutanisha tena.

Hatua ya pili: kuondoa hatari. Hatua hii ifanyike kambini, mikononi mwa wataalamu wa silaha wa jeshi, na isiahirishwe eti itakamilishwa Tabora. Kiti cha rubani hurushwa nje kwa baruti, na kile cha aina ya KM-1 kilichofungwa katika matoleo ya baadaye ya MiG-21 kina roketi pia. Baruti haifi kwa sababu ndege imestaafu. Kinyume chake, kadiri inavyozeeka ndivyo tabia yake inavyozidi kuwa ngumu kutabirika. Pini za usalama peke yake hazitoshi: baruti zenyewe zitolewe, pamoja na zile za kurushia kifuniko cha chumba cha rubani na za kuangushia matangi ya nje, kisha mtaalamu aliyezitoa aandike na kutia sahihi.

Baada ya hapo shughulikieni vitu vilivyo chini ya shinikizo. Breki za magurudumu ya MiG-21 hufanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa katika mitungi, na mfumo wa haidroliki nao una vyombo vinavyohifadhi shinikizo hata injini ikiwa imezimwa kwa miaka mingi. Shinikizo lote litolewe, mafuta ya taa ya ndege yakaushwe, na matangi yapitishiwe hewa hadi mvuke uishe. Kwenye chumba cha rubani, chukulieni kwamba geji za zamani zenye maandishi yanayong'aa gizani zimepakwa radiamu, metali inayotoa mionzi hatari, hadi kipimo kitakapoonyesha vinginevyo. Nguvu ya radiamu hupungua kwa nusu baada ya takriban miaka 1,600, hivyo kutong'aa tena si dalili ya usalama. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Msifungue kioo cha geji yoyote, na upimaji uombwe kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Hatua ya tatu: kutenganisha na kusafirisha. MiG-21 ina upana wa mita 7.15 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kimo cha takriban mita 4.1, na uzito mtupu unaozidi tani 5. Uzito si tatizo kwa lori wala kwa reli; tatizo ni upana na kimo. Kwa bahati nzuri mabawa yamefungwa kwa boliti, na sehemu ya nyuma ya kiwiliwili pamoja na mkia wake iliundwa itoke ili injini iweze kuchomolewa. Tumieni njia hiyo hiyo aliyoikusudia mbunifu, na yeyote atakayependekeza kukata bawa kwa moto aondolewe kazini, kwa kuwa mhimili uliokatwa haurudishiki.

Boliti za kila kiungo zitiwe katika mfuko wake wenye lebo, na mfuko huo ufungwe kwenye kipande husika. Kwa barabara mtahitaji lobedi (trela yenye sakafu ya chini) na kibali cha mzigo usio wa kawaida. Kwa Reli ya Kati ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, pelekeni vipimo vya mzigo ukiwa tayari juu ya behewa, si vya ndege ikiwa chini.

Hatua ya nne: kuipokea. Pangeni ifike kati ya Mei na Oktoba, kwa maana mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kreni haisimami vizuri kwenye udongo uliolowa. Mikanda ya kreni ipite pale tu palipowekwa alama za kunyanyulia. Kiwiliwili kikae juu ya stendi za chuma zenye mpira, ili matairi yasibebe mzigo. Mbao za kawaida zitaliwa na mchwa.

Hatua ya tano: kumbukumbu kabla ya maji. Pigeni picha kila paneli, ndani na nje. Kisha waalikeni wazee waliohudumia aina hiyo, muwaketishe kivulini karibu na ndege, muwarekodi wakieleza kila kifuniko kilifunguliwa kwa ajili gani. Vitabu vya ufundi vya ndege hizi viliandikwa kwa Kirusi au Kichina, na mara nyingi kidole cha mzee kinafika haraka kuliko tafsiri.

Hatua ya sita: kuosha na kuchunguza kutu. Tumieni maji safi, sabuni isiyo kali na brashi laini. Mashine ya kuoshea magari husukuma maji ndani ya viungo, na steelwool (nyuzi za chuma za kusugulia) huacha chembe za chuma ambazo huila aluminiamu taratibu. Tafuteni unga mweupe kuzunguka boliti za chuma, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Rangi ya zamani msiipige msasa yote. Chagueni kieneo kidogo karibu na namba ya mkiani, mkisugue tabaka baada ya tabaka hadi kwenye metali, ili kila tabaka lionekane na lipigwe picha; huko ndiko namba za awali hupatikana.

Hatua ya saba: kuziba na kuzibua. Mdomo wa hewa na bomba la moto vizibwe kwa wavu wenye matundu madogo sana, maana nyuki wa mkoa huu hawataacha mzinga wa ukubwa huo ukae wazi. Matundu ya kutolea maji chini ya kiwiliwili, kinyume chake, yazibuliwe yote na kukaguliwa kila Oktoba, kabla ya mvua.