Jinsi ya kuweka misimbo ya kansa ya ini kwa watoto bila kuchanganya

Wakuu wa rekodi, faili linakuja la mtoto wa miaka miwili, tumbo limevimba, daktari kaandika "CA ini" basi, na wewe ndo unatakiwa uweke msimbo. Usikimbilie C22.9, ile ya kansa ya ini isiyotajwa aina. Kwa watoto wadogo kansa ya ini mara nyingi ni hepatoblastoma, kansa ya ini ya utotoni, na ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, imeipa msimbo wake, C22.2. Ila usiweke kwa kukisia umri, tafuta ripoti ya patholojia uisome mpaka chini, kama haipo mfuate daktari aandike mwenyewe na asaini.

Sasa wengi wanateleza hapa: fomu ya rejista ya kansa inatumia ICD-O, orodha nyingine ya misimbo ya kansa na uvimbe tu, na huko ini ni C22.0, halafu aina ya uvimbe inaandikwa pembeni, 8970/3. Mtu anaibeba ile C22.0 anaipeleka kwenye ICD-10, kumbe huko C22.0 ni hepatoselula kasinoma, kansa nyingine ya ini, ile ya watu wazima zaidi japo watoto wakubwa nao wanaipata. Mtoto keshabadilishiwa ugonjwa hivyo hivyo.

Ikishafika mapafuni unaongeza C78.0, C22.2 inabaki palepale. C78.7 achana nayo, hiyo ni kansa iliyotoka kwingine ikaingia ini, mfano neuroblastoma, kansa ya neva ya watoto. Kaja kwa ajili ya kemo tu? Z51.1 pamoja na C22.2.

Madokta nanyi, "AFP iko juu" (AFP ni protini ya damu ambayo hepatoblastoma huipandisha) haitusaidii, andikeni namba, kizio, tarehe na umri wa mtoto siku hiyo, maana kichanga mzima kabisa AFP yake huwa juu sana. Na ikiwa chini ya 100 ng/mL kwa mwenye hepatoblastoma msiandike "kawaida" mkapita, hiyo ni ishara mbaya. PRETEXT I hadi IV, yaani kiwango cha ini kilichoingiwa na uvimbe, isomwe kwenye skani ya kabla ya kemo, ya baada ya kemo inaitwa POSTTEXT, msizipachike kwenye mstari mmoja.

Halafu sisplatini, dawa ya kemo, inaua masikio. Kipimo cha usikivu kiwe kwenye faili kabla ya dozi ya kwanza, ili mtoto akianza kutosikia daktari aweze kuandika wazi kwamba ni dawa, na wewe uweke H91.0 (usikivu ulioharibiwa na dawa) na Y43.3 (madhara ya dawa ya kansa). Asipoandika kwamba ni dawa, huwezi kuziweka.